Wasomaji Wanauliza: Kuunga Picha za Sona za Chini ya Maji

Toleo lililopita tulieleza sona ya pembeni: kichwa kinachofungwa kwenye boti au kukokotwa nyuma yake, kinachotoa milio kushoto na kulia na kuchora sakafu mstari kwa mstari kadiri mwangwi unavyorudi. Barua nyingi zilizofika hapa Moshi baada ya hapo hazina shida na kurekodi. Shida ni kinachofuata, pale mistari kumi au ishirini inapotakiwa kuungwa iwe picha moja ya ziwa, yaani mozaiki, na inakataa kukaa sawa. Tumechagua saba.

Tuna boti ya faiba ya mita saba na sona ya wavuvi yenye masafa ya kilohezi 455. Tunatafuta visiki na nyavu zilizozama Bwawa la Nyumba ya Mungu, tuwachoree wavuvi ramani. Mstari mmoja ukiutazama peke yake unapendeza. Tukiunganisha, katikati ya kila mstari kuna ukanda mweusi, na kisiki kimoja kinatokea mara mbili, mita tano au sita mbali. Je, programu ndiyo mbovu? — Kikundi cha wapimaji, Mwanga

Programu haina kosa, ndugu zetu, na hayo ni matatizo mawili ingawa yametokea pamoja.

Tuanze na ukanda mweusi. Sona haijui umbali, inajua muda tu. Mlio ukishatoka, hakuna cha kurudisha mwangwi mpaka sauti igonge sakafu iliyo chini ya boti. Ule muda mtupu ndio mnaouona mweusi: ni maji yenyewe. Upana wake kila upande unalingana na kimo cha kichwa cha sona juu ya sakafu. Kwa hiyo kama boti inaelea kwenye kina cha mita 6 na nusu na kichwa kimezama nusu mita, mna mita 6 nyeusi kushoto na mita 6 nyeusi kulia, na sakafu yote imesukumwa nje.

Dawa ni kubadilisha umbali wa mshazari, ule sauti iliousafiri kutoka kichwani hadi kwenye kitu, uwe umbali wa mlalo, ule ambao kipimo cha kamba kingeonyesha juu ya sakafu. Ni Pythagoras yuleyule wa sekondari: mshazari mara mshazari, toa kimo mara kimo, kisha kipeuo cha pili. Kimo kikiwa mita 6, kitu kilichoandikwa mita 10 kiko mita 8 kwa kweli. Kilichoandikwa mita 20 kiko 19.1. Kilichoandikwa mita 40 kiko 39.5. Mnaona kosa lilipo: karibu na boti ni kubwa, pembezoni halionekani kabisa. Ndiyo maana mtu akitazama mwisho wa ukanda wake anaona kila kitu kiko sawa, kumbe katikati kumepinda.

Kila programu ya kazi hii ina kitufe cha marekebisho hayo, lakini kitufe kinategemea kimo, na kimo kinatokana na mstari unaofuata sakafu, yaani mwangwi wa kwanza wa chini katika kila mlio. Hapa ndipo panapohitaji macho yenu. Kundi la perege likipita chini ya boti, programu inaweza kulishika likawa ndiyo sakafu. Majani ya majini yanafanya hivyohivyo. Tope laini sana, kama lile linaloletwa na Kikuletwa na Ruvu, linarudisha mwangwi mdogo, mstari ukatumbukia chini kupita sakafu. Kimo kikishikwa mita 3 badala ya 6, kile kitu cha mita 10 kitawekwa mita 9.5 badala ya 8. Mita moja na nusu imeshapotea na hamjafika hata kwenye GPS.

Fungueni mstari mmoja mmoja, pitieni toka mwanzo hadi mwisho, na popote mstari wa sakafu uliporuka ghafla uchoreni kwa mkono. Kina kutoka kwenye sona ya kutazama chini ni mwongozo mzuri, ila kumbukeni kina kinaweza kuwa kimehesabiwa kutoka uso wa maji. Toeni ule urefu wa kichwa kilichozama. Kazi hii inachosha na hakuna anayeipenda, lakini mkiiruka hatua zote zinazofuata zinajengwa juu ya kimo cha uongo.

Sasa kisiki pacha. Msikimbilie kukivuta kwa mkono mpaka kikae. Tazameni kwanza kimeachana upande gani.

Kikiachana kukatiza njia ya boti, na zaidi kwenye vitu vya karibu, mshazari haujarekebishwa. Chukueni kisiki kilicho kati ya mistari miwili. Mstari wa kushoto unakiona kwa mshazari wa mita 10 na kukisukuma kulia mita 2. Mstari wa kulia unakiona kwa mita 30 na kukisukuma kushoto sentimita 60. Jumla mita 2.6, bila GPS kukosea hata kidogo.

Kikiachana kufuata njia ya boti, na tofauti ni ileile kila mahali, tatizo ni nafasi kati ya antena ya GPS na kichwa cha sona. Sona nyingi za wavuvi zina GPS ndani ya skrini. Skrini iko kwa nahodha, kichwa kiko nyuma kwenye bodi ya injini, tuseme mita 3. Mkienda kaskazini kila kitu kinawekwa mita 3 mbele ya mahali pake. Mkirudi kusini, mita 3 upande wa pili. Mita 6 hizo, na kwa barua yenu tunaamini sehemu kubwa ya ugonjwa wenu ni huu. Pimeni kwa futi ya fundi kutoka antena hadi kichwa, mbele na nyuma, kushoto na kulia, muingize namba hizo kwenye programu. Kama programu haina sehemu hiyo, wekeni antena ya nje juu ya nguzo ileile iliyobeba kichwa, na hesabu inakwisha.

Kikiachana ovyo, mara huku mara kule, ni GPS yenyewe au uelekeo wa boti. GPS ya kawaida inayumba mita 3 hadi 5. Uelekeo ni jambo ambalo wengi hawalifikirii: bila dira, programu inadhani pua ya boti imeelekea kule boti inakokwenda. Upepo wa pembeni unaisogeza boti ikiwa imekaa mshazari, na nyuzi 3 tu za kosa, kwa umbali wa mita 40, ni mita 2. Lainisheni njia ya GPS kwa wastani wa sekunde 5 hadi 10, msizidishe hapo maana kona zitakatwa, na fanyeni kazi alfajiri kabla upepo haujaamka.

Kona zenyewe mzikate zote. Boti ikigeuka, upande wa ndani unapigwa mara nyingi mahali pamoja na wa nje unaachwa na mapengo. Hakuna programu inayorekebisha hilo. Zimeni kurekodi kabla ya kugeuka, muwashe boti ikishanyooka kwa mita 20 au 30.

Na mwandike usawa wa maji wa siku ya kupima. Bwawa linapanda na kushuka kwa misimu. Mozaiki ya mwezi wa tano na ya mwezi wa kumi hazitakuwa na ufukwe mmoja hata zikiungwa na malaika.

Mozaiki yetu inakaa vizuri juu ya picha ya setilaiti, lakini juu ya ramani ya zamani ya serikali inaangukia mita mia tatu kusini. Ipi ni sahihi? — Mpimaji, Moshi mjini

Zote mbili, kila moja kwa kipimo chake. Sona inaandika kwa WGS 84, mfumo wa vipimo vya mahali unaotumiwa na GPS. Ramani za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa zamani uitwao Arc 1960, na huku kwetu tofauti ya mifumo hiyo miwili ni mita 300 hivi kaskazini-kusini na mita 90 hivi mashariki-magharibi. Kwenye programu ya ramani ya QGIS ipe ramani ya zamani namba halisi ya mfumo wake, EPSG 21037, na mozaiki EPSG 32737. Programu itazipatanisha yenyewe. Usiisogeze mozaiki kwa mkono.

Namba hizo ni za kanda ya 37 kusini ya UTM, mpango unaoigawa dunia katika kanda za nyuzi 6, na kanda hiyo inaanza nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo Arusha, Moshi na Nyumba ya Mungu zote zimo. Ziwa Manyara liko magharibi ya mstari huo. Huko tumia kanda ya 36, yaani 32736.

Shikamooni wataalamu. Sisi ni wanafunzi, tunataka kuchora sakafu yote ya Ziwa Duluti kwa siku moja. Tumeazima sona ya kilohezi 455 na 800. Mistari iachane kiasi gani, na twende kasi gani? — Wanafunzi watatu, Tengeru

Marahaba. Duluti ni mahali pazuri pa kujifunzia: dogo, halina mawimbi makubwa, na kina chake hakizidi mita 10 hivi. Liko ndani ya hifadhi ya msitu, kwa hiyo kibali kwanza, boti baadaye.

Anzeni na kilohezi 455, upana wa mita 40 kila upande. Kuna kanuni ya zamani kwamba kimo cha kichwa kiwe asilimia 10 hadi 20 ya upana wa upande mmoja. Kwa maji ya mita 8 mko palepale. Mkifungua mita 80 kila upande kwenye maji hayo, nusu ya nje itakuwa kijivu kisicho na habari, kwa sababu sauti inafika sakafuni kwa pembe ya chini mno. Kilohezi 800 inatoa picha kali zaidi lakini inachoka mapema. Itumieni siku ya pili kurudia mahali palipowavutia, kwa upana wa mita 20 au 25.

Mistari iachane mita 40, sawa na upana wa upande mmoja. Hivyo kila eneo linaonekana mara mbili kutoka pande mbili, na lile eneo lililo chini kabisa ya boti, ambako picha daima ni mbaya, linafunikwa na mstari wa jirani. Ziwa lina hekta 60 na kitu, yaani mita za mraba 600,000. Gawanya kwa 40 mpate kilomita 15 za mistari. Kwa mita 2 kwa sekunde ni saa mbili na dakika tano. Ongezeni kona, mstari mmoja wa kuzunguka ziwa zima mita 15 hadi 20 kutoka ukingoni, na mistari miwili ya kukatiza mingine ili muone kama mambo yanakutana. Saa nne zinatosha.

Kwa nini mita 2 kwa sekunde? Sauti kwenda mita 40 na kurudi inachukua kama sehemu 54 za elfu ya sekunde, kwa hiyo sona inaweza kulia mara 18 hivi kwa sekunde, na kwa kasi hiyo milio inaachana sentimita 11. Mnaweza kudhani mkipunguza mwendo mtapata picha kali zaidi. Hampati, kwa sababu mwali wa sona unapanuka kadiri unavyokwenda: mwali wa nyuzi 1 ukifika mita 40 una upana wa sentimita 70. Mkienda polepole mno mnapata hasara nyingine, boti inaanza kuyumba na uelekeo wa GPS unacheza. Chini ya mita 1 kwa sekunde msiende.

Kichwa kifungeni kwenye bomba la chuma la inchi moja na nusu ubavuni mwa boti, mbele ya injini, kishuke chini kidogo ya tumbo la boti. Kikibaki juu ya tumbo, upande mmoja utakuwa gizani muda wote. Kifungeni kamba moja kwenda mbele na moja nyuma, bomba lisitetemeke. Mtetemo unaonekana kwenye picha kama mawimbi madogo ya sakafu ambayo hayapo. Hakikisheni kwa pimamaji kwamba kimelala sawa kushoto na kulia watu wakiwa wameketi mahali watakapoketi. Betri ya sona iwe yake peke yake, volti 12 na saa-ampea 18 au 20. Mkiunga kwenye betri ya injini, kelele za umeme zitaingia, vitone vilivyopangana mshazari toka juu hadi chini. Vitone vya namna hiyo vinatokea pia mkiwasha kipima kina cha pili chenye masafa yanayokaribiana na ya sona.

Zimeni kila kinachojirekebisha chenyewe: upana, mwanga, uchujaji. Wekeni mara moja, msiguse tena mpaka mwisho.

Mkinakili kazi, chukueni kila kitu. Sona ya Humminbird inaweka faili ya DAT na, kando yake, folda ya jina hilohilo yenye faili za SON. Mkiacha moja nyingine haina maana. Sona ya Lowrance inaweka faili moja ya sl2 au sl3. Kwa kuchakata faili za Humminbird kuna programu ya PINGMapper, haina malipo, inatumia lugha ya kompyuta ya Python na inataka uvumilivu siku ya kuifunga kwenye kompyuta. ReefMaster na SonarTRX zinauzwa na ni rahisi kuanza nazo.

Jiometri yetu iko sawa, lakini mozaiki inafanana na mkeka: mkanda mweupe, mkanda mweusi, mkanda mweupe. Tumejaribu kuongeza mwanga kwa kila mstari na hali imezidi kuwa mbaya. — Ofisi ya ramani, Arusha

Kuongeza mwanga mstari mmoja mmoja ndiko kulikoharibu. Sakafu ileile hairudishi mwangwi uleule kwa kila pembe: karibu na boti sauti inaanguka wima na kurudi na nguvu, pembezoni inateleza na kwenda zake. Kwa hiyo kila mkanda una mwanga katikati na giza pembeni hata kama chini ni tope tupu. Kinachotakiwa ni jedwali la wastani. Kwa kila pembe, programu inakusanya nguvu ya mwangwi katika milio yote, inapata wastani, kisha inagawanya kila thamani kwa wastani wa pembe yake. Katika programu ya SonarWiz hatua hii ipo tayari. Mkifanya wenyewe kwa Python ni mistari michache.

Jedwali litengenezwe kutokana na mistari yote kwa pamoja. Mkitengeneza kwa kila mstari, mstari uliopita juu ya tope mwanzo hadi mwisho utang'arishwa mpaka ufanane na ule uliopita juu ya mchanga, na mtakuwa mmefuta kile mlichokwenda kukitafuta. Tunaziona ramani za namna hii, nzuri kwa macho na hazina habari hata moja. Kushoto na kulia viwe na majedwali yao, kwani vichwa viwili havilingani na mara nyingi kimoja kimeinama kidogo. Na kwa kuwa pembe inahesabiwa kutokana na kimo, hatua hii haifanyiki kabla mstari wa sakafu haujasafishwa. Aliyeanza na rangi itabidi arudi nyuma.

Kuhusu kuunga penyewe: mistari miwili ikipandana, programu inauliza thamani ipi ibaki. Wastani wa zote unavutia kwa sababu unaficha maungio, lakini kivuli, yaani sehemu nyeusi nyuma ya kitu ambako sauti haifiki, kinaangukia kushoto kwenye mstari mmoja na kulia kwenye mwingine, hivyo vivuli vinafutana, na visiki vinageuka mawingu. Chagueni mstari mmoja ushinde. Kateni ukanda wa chini ya boti, mita 2 au 3 kila upande, na kateni asilimia 10 ya mwisho pembezoni. Kama mnatafuta vitu, mistari yote inayoshinda iwe imetazama upande mmoja, ili vivuli vyote vilale upande mmoja. Macho ya msomaji yanavizoea haraka.

Pikseli ya sentimita 25 inatosha kwa kilohezi 455. Kilomita moja ya mraba kwa pikseli hiyo ni pikseli milioni 16. Kwa sentimita 10 ni milioni 100, kompyuta inalia na hakuna jipya mlilopata.

Jambo dogo linalowapotezea watu siku nzima: faili ikiambiwa kwamba thamani 0 maana yake ni mahali pasipo na data, vivuli vyeusi kabisa, ambavyo navyo ni 0, vinatoboka na picha ya setilaiti inachungulia chini yake. Kabla ya kuhifadhi, pandisheni data zenu zianzie 1 hadi 255, na 0 ibaki ya nje tu.

Nawezaje kujua kisiki kina urefu gani kutoka chini? Nyavu zangu zinapita nusu mita juu ya tope. — Mvuvi, Nyumba ya Mungu

Pima kivuli chake kwenye picha ambayo bado ina ukanda wa maji, kabla haijanyooshwa. Zidisha urefu wa kivuli kwa kimo cha sona juu ya sakafu, gawanya kwa umbali kutoka kwenye sona hadi mwisho wa kivuli. Kivuli mita 5, kimo mita 6, mwisho wa kivuli mita 30: tano mara sita ni thelathini, gawanya kwa thelathini, kisiki kina mita 1. Hicho kitakula wavu wako, kaka. Hesabu inakubali sakafu iliyo tambarare tu. Kivuli kikiangukia kwenye mteremko unaoshuka kinarefuka na kisiki kinaonekana kirefu kuliko kilivyo.

Nimepata kazi ya miezi miwili Tanga kwenye boti inayokokota sona kwa kebo. Uzoefu wangu wote ni wa maziwa ya huku. Nini kitabadilika? — Fundi, Moshi

Kwanza kasi ya sauti. Kwenye maji baridi ya ziwa yenye nyuzi joto 25 ni mita 1,497 kwa sekunde, na mashine iliyowekwa 1,500 haikudanganyi. Maji ya chumvi ya nyuzi 27 yanafika 1,539. Ukiacha mashine kwenye 1,500, kila mita 100 inasomwa 97 na nusu. Badilisha, au ingiza thamani wakati wa kuchakata.

Pili, na hili ndilo litakalokuumiza kichwa, sona haiko mahali GPS ilipo. Kifaa kimekaa nyuma kwa urefu wa kebo. Pythagoras tena: kebo iliyotoka mita 50, kifaa kiko kina cha mita 15, umbali wa nyuma ni mita 47.7. Kebo haikai imenyooka, inajipinda, kwa hiyo wengi wanazidisha kwa 0.9 au 0.95, kisha wanaongeza umbali kutoka tezi hadi antena. Andika urefu wa kebo kila unapobadilishwa, pamoja na saa kamili, dakika na sekunde. Daftari lenye maneno "tuliongeza kebo kidogo" halina msaada wiki mbili baadaye mezani. Ukiweka alama za tepu kila mita 5 kwenye kebo, kazi hii haikuchukui hata nusu dakika.

Kuhakiki, piteni mara nne juu ya kitu kimoja kisichosogea, mwamba au mabaki ya chombo, kwenda na kurudi, kisha kukatiza. Alama zikiachana kufuata njia kwa kiasi kilekile, rekebisha kipimo cha kebo mpaka zikutane, ukitumie kwa mistari yote yenye kebo ya urefu huo. Mkondo wa maji unakisukuma kifaa pembeni ya njia ya boti, na hilo kebo haiwezi kukueleza. Panga mistari ifuate mkondo badala ya kuukata.

Bahari inapanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvu. Kimo kinapimwa kutoka kifaani hadi sakafuni, kwa hiyo picha yenyewe haiharibiki, lakini pembeni mwa miamba ya matumbawe usalama wa kifaa unategemea maji yaliyopo juu yake saa hiyo. Omba mistari ya karibu na miamba ifanyike maji yakiwa yamejaa, na mtu mmoja akae kwenye winchi, asifanye kingine. Boti ikipunguza mwendo, kifaa kinazama. Kila anayeanza anafikiri kusimama ndiyo usalama. Kwa sona ya kebo, kusimama ndiko kunakoilaza juu ya mwamba.

Faili utakazopewa huenda zikawa za muundo wa XTF, na karibu programu zote zinazifungua. Moja yao, MB-System, haina malipo, ila inataka Linux au Mac na mtu asiyeogopa kuandika amri.

Tumepeleka sona yetu ya kilohezi 455 Ziwa Chala. Upande mmoja umejaa mwanga, upande wa pili ni mweusi, na katikati hakuna kitu. Imeharibika? — Rombo

Haijaharibika. Chala ni kreta yenye kina cha mita 90 hivi na kuta zinazoshuka karibu wima. Mkifungua mita 40 kila upande katikati ya ziwa, sauti haijafika chini wala ukutani, mnachora maji. Mkisogea ukingoni, upande wa ukuta unarudisha mwangwi mapema na kwa nguvu, na programu inaushika ukuta ikidhani ndiyo sakafu. Marekebisho yote ya mshazari yanakubali jambo moja, kwamba chini ni tambarare. Hapo Chala si kweli, kwa hiyo mozaiki ya kuta iliyorekodiwa kutoka juu ya maji itakuwa na vipimo vya kubuni hata mkifanya kila kitu vizuri.

Kinachowezekana kwa kifaa mlicho nacho ni kupima kina. Tumieni sona ya kutazama chini kwa masafa yake ya chini kabisa, mistari iachane mita 50, mpate umbo la kreta kwanza. Sehemu ya katikati, kama ni tambarare, inaweza kuchorwa baadaye kwa sona ya kukokotwa iliyoshushwa hadi mita 10 au 15 juu ya sakafu, na kebo ya kufika huko ni zaidi ya mita 100 hata kwa mwendo mdogo. Ziwa hilo ni letu na Kenya. Mpaka unapita majini, na mistari yenu ikiwa mirefu mtauvuka, basi ruhusa iwe ya pande zote mbili kabla hamjashusha boti.